Kuvunja nyumba ya zamani mlimani Mwanza: kazi iliyo kabla na baada ya nyundo

Tangu ukoo wetu ukubaliane kuivunja nyumba ya babu iliyokuwa kwenye mteremko wa Mabatini, watu wengi wameniuliza swali lile lile: vijana wangapi wanatosha, na wanalipwa kiasi gani kwa siku. Swali hilo lina haki yake, lakini linaanzia katikati ya kazi. Kwa jinsi nilivyoiona nikiwa msimamizi wa kazi niliyeteuliwa na kikao cha familia, nyundo ilichukua sehemu ndogo tu ya muda na fedha zetu. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye makaratasi kabla ya ukuta kuguswa, na kwenye kifusi baada ya ukuta kulala. Naandika kwa ajili ya mwenye nyumba kuukuu hapa Mwanza, hasa yule ambaye nyumba yake iko juu kwenye mawe, mahali ambapo gari halifiki na kila kitu hupanda na kushuka juu ya kichwa cha mtu.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama ukishavunja utaruhusiwa kujenga tena mahali pale pale. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kabla ya sheria zinazotumika sasa, na zinavumiliwa kwa sababu tu zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mtu mwenye nyumba ya urithi karibu na maji anaweza kujikuta amebomoa paa lake mwenyewe halafu akanyimwa kibali cha kuweka jingine. Kando ya barabara kuu nako kuna hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ile alama ya X tunayoiona kwenye kuta za kando ya barabara mara nyingi inahusiana na hifadhi hiyo. Kwa hiyo safari ya kwanza si ya kwa fundi, ni ya kwenda idara ya mipango miji ya halmashauri, Nyamagana au Ilemela kulingana na kiwanja kilipo, ukiwa na hati, leseni ya makazi au barua yoyote inayokutambulisha kuwa mmiliki.

La pili ni la ndani ya familia, na ndilo lililotuchelewesha kuliko mengine yote. Nyumba ya marehemu haivunjwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Huvunjwa kwa idhini ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa ukoo kama wetu hiyo ilikuwa Mahakama ya Mwanzo. Mpaka barua ya usimamizi itoke, kila kikao ni mazungumzo tu. Shangazi alitaka ifanyike ibada kabla ya kugusa paa, baba mdogo alitaka kwanza ijulikane nani atachukua milango ya mninga, na mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa amelipa kodi ya miezi iliyokuwa bado haijafika. Yote matatu yalikuwa madai ya kweli. Mpangaji alipewa notisi ya maandishi na kurudishiwa fedha zake, milango iliandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na ibada ikafanyika.

Serikali ya mtaa ijulishwe mapema, kwa maandishi, na majirani waambiwe tarehe. Nashauri kwa mkazo kwamba kabla ya siku ya kwanza uzunguke na mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi mkipiga picha nyufa zote zilizopo kwenye kuta za majirani, na kila jirani aone picha hizo. Milimani nyumba zimebanana kiasi kwamba ukuta wa mmoja ni kivuli cha mwingine, na ufa uliokuwapo tangu tetemeko au mvua za miaka iliyopita huwa mpya ghafla siku nyundo inapolia jirani.

Umeme na maji vinahitaji subira. TANESCO ndio wanaokata laini na kuchukua mita. Fundi wa mtaani asiruhusiwe kuikata hata kama anajua kazi. Katika mitaa yetu waya unaoingia kwako mara nyingi umefungwa ukutani halafu ukaendelea kwa jirani, hivyo kuondoa ukuta ni kumzimia na yeye. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hali kadhalika: mabomba ya mlimani hupita juu ya mawe au chini ya jiko la mtu, na ukifukua bila kuuliza utapasua la nyumba nzima ya juu. Baadhi ya mitaa ya milimani pia imeunganishwa kwenye mabomba membamba ya majitaka, na bomba hilo lizibwe vizuri kabla kifusi hakijaingia ndani yake na kuziba mtaa mzima.

Sasa nifike kwenye hatari ambayo watu wengi huipita bila kuitazama, nayo ni asbesto. Nyumba nyingi za zamani, hasa zile za taasisi na za watumishi, ziliezekwa kwa shuka za kijivu zenye mawimbi, nene kuliko bati, ambazo hazitoi mlio wa chuma zikigongwa na huvunjika kwa mkato mkavu. Zikiwa zimetulia juu ya paa madhara yake ni madogo. Zikivunjwa kwa nyundo, zikikatwa kwa msumeno au zikirushwa chini, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, na mtu akizivuta hubaki ndani ya mapafu. Magonjwa yake, ikiwamo saratani ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu, hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena kazi ile ya kibarua. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Paa la namna hiyo hulowanishwa kwa maji, boliti zikafunguliwa moja moja, shuka zikashushwa nzima kwa kamba, zikafungwa ndani ya nailoni nzito na kupelekwa mahali palipoelekezwa na wataalamu. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na ni busara kufika pale kabla ya kugusa shuka hata moja. Nimewahi kuona vipande vya asbesto vikiwa kuta za banda la kuku, na vingine vikiwa vimeegeshwa chini ya paa kukinga maji ya mvua ya kunywa. Mwenye nyumba aliyeviuza alipata fedha kidogo na kuhamisha hatari kwenda kwa mtu mwingine.

Nyumba yetu ilikuwa na bati za kawaida, lakini darini tulikuta popo. Kinyesi chao kikavu kikifagiliwa hutimua vumbi lenye vimelea vya ukungu vinavyoweza kushambulia mapafu, hivyo nacho hulowanishwa kwanza, kikakusanywa kwa koleo na kufungwa kwenye mifuko. Rangi ya mafuta ya zamani kwenye milango na madirisha isikwanguliwe wala kuchomwa moto, kwa kuwa rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi.

Kazi yenyewe ya kuvua nyumba hufuata mpangilio ulio kinyume cha ujenzi: kilichowekwa mwisho hutoka kwanza. Vioo na milango, kisha dari, kisha bati, papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kisha kuta, na msingi mwisho kabisa. Hapa ziwani kuna sababu nyingine ya kuzingatia saa. Asubuhi hewa imetulia; kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa hupanda milimani, na bati lililofunguliwa misumari upande mmoja hugeuka tanga. Fundi wetu mkuu, mzee mmoja kutoka Magu, alikuwa anafungua paa kuanzia alfajiri na ikifika saa sita anashusha vijana wote, hata kama imebaki mistari miwili. Bati la kwanza kufunguliwa ni lile la mgongo wa paa, kwa sababu linalalia mengine yote. Msumari wa bati huinuliwa kwa mtarimbo mdogo uliowekewa kipande cha mbao chini yake ili bati lisibonyee, kisha huvutwa kwa nyundo ya makucha ukiwa umesimama juu ya kenchi, kamwe si juu ya papi iliyoliwa na mchwa. Bati za zamani ni za geji nzito kuliko nyingi zinazouzwa madukani leo, na kutu yake huanzia kwenye matundu ya misumari. Ukipunguza ncha zake na kuzipandanisha upya bado linafaa kwa stoo au uzio.

Kwenye kuta ndipo palipokuwa na ubishi. Nyumba za zamani nyingi hazina lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, wala nguzo za zege; kuta zenyewe ndizo zilizobeba paa, na paa nalo ndilo lililozishikilia zisiyumbe. Ukishaondoa paa, ukuta wa mita tatu umesimama peke yake kwa uzito wake tu. Kijana mmoja alipendekeza wachimbe chini ya ukuta ule mrefu kwa sururu ili uanguke wenyewe.

“Mzee, huyu tukimkata miguu anaenda chini dakika moja tu.”

“Na hiyo dakika wewe utakuwa umesimama wapi, mwanangu?”

Ubishi ukaishia hapo. Ukuta uliochimbwa chini hauchagui upande wa kuangukia, na mara nyingi huja upande aliko mchimbaji, kwa sababu ndiko kulikodhoofishwa. Njia iliyo salama ni ya polepole: watu wanapanda kwenye jukwaa, wanaondoa tofali kozi kwa kozi, yaani safu kwa safu, kuanzia juu, wakianza na ile pembetatu ya ukuta iliyokuwa chini ya paa, maana ndiyo nyembamba na ndiyo inayoyumba kwanza. Pembe za nyumba huachwa zikishuka ngazi ngazi ili zizishikilie kuta mbili zinazokutana. Hakuna anayesimama chini, na eneo la tahadhari liwe pana kuliko kimo cha ukuta. Watoto ni tatizo la kudumu, kwa kuwa kwao kila msumari ni chuma chakavu chenye bei. Tulizungushia bati kuukuu kuzunguka eneo lote na bado mlinzi alihitajika.

Namna tofali zilivyounganishwa ndiyo inayoamua utapata nini. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo hutoka nzima kabisa. Unaligonga kidogo kwa nyuma, linaachia, unakwangua udongo uliokauka na linarudi kuwa tofali. Zilizojengwa kwa saruji kali hazitoki hivyo, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, na unachopata ni vipande. Tofali mbichi za udongo nazo hazina soko, ila zikilowekwa hurudi kuwa udongo mzuri wa kujazia. Ndiyo maana kazi kama hii hufanywa kati ya Juni na Agosti. Ukianza vuli imekaribia, mvua moja ya usiku juu ya ukuta wa udongo usio na paa itakubomolea kwa mtindo wake yenyewe.

Kuna ukuta mmoja ambao hatukuugusa mpaka mwisho, nao ni wa nyuma, uliokuwa umeegemea mlima. Yeyote aliyekulia kwenye vilima vya Mwanza anajua kwamba nyumba na mawe ya itale vinategemeana. Jiwe kubwa lililoketi juu ya mwamba halina neno, lakini udongo na mawe madogo yaliyojazwa nyuma ya ukuta na wajenzi wa zamani yanashikiliwa na ukuta huo huo. Ukiuondoa, mvua za masika hazitauliza. Tulijenga kwanza ukuta wa mawe wa kuzuia mmomonyoko, wenye matundu ya kutolea maji, ndipo ukuta wa zamani ukashushwa. Kama mteremko ni mkali au kuna jiwe linaloonekana limeegemea nyumba, mhandisi alitazame. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na nyumba ya jirani wa chini.

Wapo wanaosema haya yote ni kupoteza muda, wakodi tu katapila. Mahali tambarare, kama Buhongwa au Igoma, kwenye kiwanja chenye nafasi na nyumba ya zege isiyo na cha kuokoa, sina ubishi. Mlimani mashine haifiki, na hata pale inapofika hubomoa nyumba na kuchanganya mbao, vioo, bati na udongo kuwa lundo moja ambalo hakuna atakayelinunua na ambalo ni ghali kulihamisha. Mimi nitaendelea kuvua kwa mikono.

Sasa kifusi. Watu hawakipigi hesabu, kwa hiyo ngoja nipige hapa. Chukua nyumba ya kawaida yenye kuta za jumla ya urefu wa mita 40, ndani na nje, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 23. Hizo ni takriban mita za ujazo 27 na nusu za ukuta uliosimama. Ukishavunjwa, vipande havikai tena kwa kubanana, na ujazo huongezeka kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo unapata kama mita za ujazo 38. Karai moja la mtu mzima linabeba lita 12 hivi. Hizo ni zaidi ya karai 3,000 za kushusha kwa kichwa kwenye ngazi za mawe hadi tipa inapoegeshwa, bado msingi na sakafu havijahesabiwa. Ndiyo sababu kila tofali linalotoka zima na kuuzwa pale pale lina faida mara mbili: limeleta shilingi, na halikuhitaji kubebwa kwa gharama yako.

Kifusi kinachobaki kina kazi. Kilicho safi, kisicho na nailoni, mbao wala vioo, hujaza sakafu ya nyumba mpya au mashimo ya njia za mtaani, na mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa na orodha ya sehemu zilizokuwa zikikingoja. Kisichofaa hupelekwa mahali ambapo halmashauri imeelekeza. Kisitupwe korongoni. Makorongo ya upande wetu huishia Mto Mirongo, nao hupita katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani, na kila wakati wa mafuriko tunaona mchanga na vipande vya tofali vimejaa chini ya madaraja. Wanaolalamika na wanaotupa mara nyingi ni watu wa mtaa mmoja.

Kuhusu malipo, kuna desturi ya fundi kubomoa bure ili achukue mabaki. Inavutia, lakini mimi siipendi, kwa sababu anayelipwa kwa mbao ataharakia mbao, na kifusi utaachiwa wewe. Tulitenganisha: vibarua walilipwa kwa kazi, na familia ikauza mabaki yenyewe. Mkataba ulitaja kwa majina bati, kenchi, fremu, milango, grili, nondo, nyaya na mawe, kila kimoja ni cha nani. Uliandikwa pia kwamba gambuti, glavu na kofia ngumu ni juu ya mwenye nyumba, na kwamba asiyevaa hapandi. Mbao za mninga za miaka ya 1960 zilipata wanunuzi kabla hazijashuka chini. Seremala mmoja alikwangua ubao kwa kisu, akaunusa, akaweka fedha mezani bila kuuliza bei mara ya pili. Mwisho nilimwelewa baba mdogo na milango yake.

Choo cha shimo kinahitaji maneno yake. Nyumba ya zamani huwa na zaidi ya kimoja, na kile cha kwanza kilishafunikwa na kusahauliwa, bamba lake likiwa limeoza chini ya udongo. Waulize wazee kilikuwa wapi, upapigie uzio, na mtu asipite na toroli juu yake. Shimo linyonywe na gari la majitaka kama linaweza kufikiwa, limwagiwe chokaa, lijazwe mawe na udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Hakuna anayeshuka ndani, kwa sababu yoyote ile; hewa ya shimo la zamani huua kabla mtu hajapiga kelele.

Baada ya mita ya umeme kuondolewa, hakikisha kumbukumbu za kodi ya majengo zinabadilishwa, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye manunuzi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na jengo ambalo halipo linaweza kuendelea kuhesabiwa. La mwisho ni mipaka. Kwenye kiwanja kisichopimwa, ukuta wa zamani ndio shahidi wa mpaka, na ukishaondoka, kumbukumbu za majirani huanza kusogea taratibu kuelekea kwako. Ndiyo sababu mawe ya msingi hatukuyang'oa pamoja na vingine, ingawa mnunuzi alikuwa akipiga simu kila jioni. Mpima alikuja, akapima akifuata msingi, majirani wawili na mwenyekiti wa mtaa wakatia saini kwenye mchoro, na bikoni, alama za mpaka, zikawekwa kwa zege. Kesho yake fundi alianza kung'oa mawe upande wa chini, karibu na ngazi, ili vijana wa tipa wasilazimike kupanda.